Rangi ya Moto na Kilicho Nyuma Yake

Msikilizaji, bodaboda ikigoma kuwaka asubuhi, fundi wa huku Elerai, Arusha, haanzi kwa mita wala kwa kompyuta. Anafungua plagi, anairudisha kwenye kofia yake, anaiegemeza kwenye chuma cha injini, kisha anamwambia mwenye chombo apige kiki. Wote wawili wanainama kutazama ile ncha. Cheche ikiruka ya bluu, nene, yenye mlio, fundi anatamka kwamba moto upo, tukaangalie mafuta. Ikiruka ya njano, imelegea, anasema koili imechoka. Hajapima kitu. Amesoma rangi.

Cheche ile ndogo ni umeme wa volti elfu kumi na zaidi ukiruka hewani. Umeme wa nyumbani kwako ni volti 230. Kwa hiyo kila kijiwe cha bodaboda kina mtambo wa umeme mkubwa, na watu wanaushika, wanapigwa shoti kidogo, wanacheka, wanaendelea na kazi. Ukiyaacha mazungumzo hapo utadhani umeme mkubwa ni mchezo. Nakuomba usiyaache hapo.

Jambo hili nimelichagua kwa ajili ya vijana. Simu zimejaa video za watu wanaowasha ndimi za moto za kijani, za zambarau na nyekundu, na wengine wanaoufanya umeme upande baina ya nyaya mbili, unavuma, unajikunja, unakatika, unaanza tena chini. Kijana wa kidato cha tatu akiyaona hayo, mikono inamwasha. Wazazi wengi jibu lao ni neno moja: acha. Mimi siko upande huo. Moto wa rangi aujaribu, tena mapema, akiwa na mtu mzima karibu. Umeme unaoruka ni habari nyingine kabisa.

Tuanze jikoni. Sufuria ya makande ikifurika juu ya jiko la gesi, ule moto wa bluu unageuka njano palepale. Watu hudhani gesi imeingia uchafu. Kumbe ni chumvi. Ndani ya chumvi mna sodiamu, na atomu ya sodiamu ikipata joto la moto, elektroni yake ya nje inapandishwa ngazi. Haikai huko juu. Inashuka, na katika kushuka inatoa nuru ya kipimo chake maalumu, nanomita 589, ambayo jicho letu linaiona njano. Kila elementi ina ngazi zake yenyewe, kwa hiyo ina nuru yake yenyewe, wala haiazimi ya jirani.

Sasa chukua magadi ya Ziwa Natron, yale ya kulainishia maharage. Njano ileile, maana ni sodiamu ileile. Chukua mrututu: moto unakuwa wa kijani chenye ubluu, kwa kuwa mrututu ni chumvi ya shaba. Wazee wanaolima kahawa kwenye miteremko ya Meru wanaufahamu sana, ukichanganywa na chokaa na maji ni dawa ya miaka mingi ya kupulizia mibuni dhidi ya magonjwa ya kuvu. Chokaa nayo ina kalsiamu, ambayo ikiloweshwa kwa asidi kidogo hutoa nyekundu ya tofali. Na sisi watu wa migomba tuna hazina nyingine: majivu ya maganda ya ndizi. Yana potasiamu nyingi, na potasiamu huwaka zambarau hafifu, nzuri kuliko zote kwa maoni yangu.

Ila hiyo zambarau usitegemee kuiona kirahisi. Majivu hayakosi sodiamu kidogo, jasho la vidole vyako lina sodiamu, hata vumbi la chumbani linayo, na njano ya sodiamu ikishawaka inafunika kila kitu. Maabarani hutumia kioo cha bluu cha kobalti, kinachozuia ile njano na kuiacha zambarau ipite. Mwanafunzi anayeitazama potasiamu kwa macho matupu na kuandika kwenye daftari kwamba ni sodiamu hajakosea kutazama. Amenyimwa kioo.

Wenye kuugeuza mchezo huu kuwa sayansi kamili walikuwa Wajerumani wawili wa chuo cha Heidelberg, Robert Bunsen, yule mwenye jiko la gesi la maabara, na Gustav Kirchhoff. Badala ya kuutazama moto wenyewe, waliipitisha nuru yake katika kioo cha pembe tatu, ikatawanyika, na kila elementi ikaonekana kama mistari michache myembamba isiyofanana na ya nyingine. Mwaka 1860 waliona mistari ya bluu isiyokuwa ya kitu chochote kinachojulikana. Ilitoka katika maji ya chemchemi. Bunsen akachemsha tani zipatazo 40 za maji hayo ili apate gramu chache za chumvi ya elementi mpya, sesiamu. Mwaka uliofuata wakaipata rubidiamu kwa njia hiyohiyo.

Kisha yakatokea yanayotuhusu hadi sisi. Mwaka 1868, wakati wa kupatwa kwa jua, wataalamu waliona kwenye nuru ya pembezoni mwa jua mstari wa njano uliokaribia ule wa sodiamu lakini haukuwa wenyewe. Ukatafutwa duniani, haukupatikana. Ni mwaka 1895 ndipo William Ramsay alipoupata mstari huo katika gesi iliyotoka ndani ya jiwe lenye urani. Gesi hiyo ni heli. Na mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, wakatangaza kwamba bonde la Rukwa, hapa Tanzania, lina akiba kubwa ya heli. Kitu kilichogunduliwa kwa rangi tu, umbali wa kilometa milioni 150, kinatoka kwa mapovu katika chemchemi za moto za nchi yetu.

Nifungue mabano kidogo. Msikilizaji mmoja makini anaweza kuniuliza: kama sodiamu ni njano, mbona Ol Doinyo Lengai haiwaki njano? Swali zuri. Lava ya mlima ule ni kaboneti ya sodiamu na potasiamu, haina mfano katika volkano nyingine yoyote inayotapika siku hizi. Mchana ni nyeusi na inatiririka upesi kwa kuwa ni nyepesi. Usiku ina wekundu uliofifia. Ikipoa na kupata unyevu, baada ya muda mfupi inakuwa nyeupe. Njano huioni. Sababu ni kwamba nuru za moto ziko za namna mbili. Iko ile ya kitu kilichopata joto tu, kama mkaa au chuma cha mhunzi, na hiyo inafuata joto, haijali ni kitu gani. Lava ya Lengai ina nyuzi 500 na zaidi kidogo, na kitu chochote chenye joto hilo hung'aa wekundu hafifu. Nuru ya pili ni ya atomu zilizo huru ndani ya mwali, zimeachana, kila moja inapanda na kushuka peke yake. Ndiyo inayobeba jina la elementi. Nafunga mabano.

Shuleni somo hili lipo. Mwanafunzi wa kidato cha nne anatakiwa ajue kutambua chumvi kwa rangi ya moto, na ukimwamsha usiku atakutajia: njano ya dhahabu, nyekundu ya tofali, kijani chenye ubluu. Anayajua kwa kukariri, kwa Kiingereza, na wengi wanafika chumba cha mtihani hawajawahi kuiona hata moja. Hapo ndipo ninapokasirika kidogo. Vifaa vya jaribio hili havihitaji mfadhili. Kipande cha waya wa koili ya jiko la umeme lililokufa kinatosha kuchovyea chumvi, kwa sababu waya ule ni wa nikeli na kromiamu, unavumilia joto na hauna rangi ya kwake inayosumbua. Moto unaweza kuwa wa gesi, au wa kopo la motopoa. Chumvi ni ya dukani.

Hatari iko kwenye spiriti. Wako wanaopenda onyesho la bakuli kadhaa, kila moja na chumvi yake, zinamiminiwa spiriti ya methanoli, zinawashwa, zinapendeza kweli. Tatizo linakuja moto ukianza kufifia na mwalimu akachukua chupa kuongeza. Mwali wa spiriti mchana karibu hauonekani. Mvuke unashika, moto unaingia ndani ya chupa, na chupa inaurusha mwali mrefu mbele, moja kwa moja kwa wanafunzi wa dawati la kwanza. Marekani mwaka 2014 yalitokea matukio ya aina hiyo mfululizo, watoto wakaungua, hadi bodi yao ya usalama wa kemikali ikatoa onyo la kitaifa. Motopoa nayo ina tabia hiyo: usiongeze kwenye kopo unalodhani limezimika. Waya na chembe ya chumvi vinaonyesha rangi ileile, bila chupa yoyote kuwa mezani.

Kuna moto mwingine wa kijani ambao watoto wetu wanauona bila kwenda shule. Wanaokusanya vyuma chakavu wakipata nyaya za umeme, huzichoma ili plastiki iondoke wabaki na kopa ya kwenda kuuza kwa kilo. Utaona moto umepiga kijani kikali. Shaba peke yake isingetoa kijani cha namna hiyo. Inasaidiwa na klorini iliyomo kwenye plastiki ya waya. Mkemia Friedrich Beilstein mwaka 1872 aliligeuza hilo kuwa kipimo: chovya waya wa shaba kwenye kitu, utie motoni, ukiona kijani ujue huenda kina klorini. Kwa hiyo uzuri ule ni taarifa. Unasema klorini imeachiliwa hewani, ikiwa na mvuke wa asidi na dioksini, sumu inayobaki mwilini miaka. Watoto husogea kwa sababu ya rangi. Ningependa tuwafundishe kwamba rangi hiyo ndiyo ya kuikimbia.

Haya, tuje kwenye umeme.

Kwenye karakana za mageti na grili fundi anagusisha kijiti kwenye chuma, anakiinua kidogo, na pengo lile dogo linajaa moto mweupe usiotazamika. Je, ni volti ngapi? Watu wengi watakisia maelfu. Mashine ya kuchomelea hutoa volti 50 hadi 80 kabla ya kugusa, na moto ukishawaka zinabaki 20 hadi 30. Kilicho kingi ni mkondo, ampea 100 na zaidi. Joto la katikati linapita nyuzi 5,000, sawasawa na uso wa jua, wakati chuma chenyewe kinayeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi. Kwa hiyo volti chache zinatoa moto wa kutisha, na volti elfu kumi za plagi hazichomi hata karatasi vizuri. Unaona sasa kwamba volti peke yake haisemi kitu. Plagi inamwaga nishati ndogo sana kwa muda mfupi sana, kisha imekwisha. Nyuma ya mashine ya fundi upo mkondo usiokwisha.

Moto huo nao una rangi za kusoma. Fundi akichomelea bomba la galvanaizi, unaona kijani chenye ubluu na moshi mweupe mzito. Hiyo ni zinki, na anayeuvuta moshi wake jioni anaingiwa na homa na baridi kama mwenye malaria. Mafundi hunywa maziwa kuondoa sumu. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni na moshi umekwenda mapafuni. Na ile nuru nyeupe ina sehemu isiyoonekana, miale ya urujuanimno, inayounguza ngozi ya juu ya jicho. Haiumi hapohapo. Saa kadhaa baadaye, usiku, mtu anaamka akihisi mchanga machoni, machozi yanatiririka, hawezi kuitazama taa. Miwani ya jua ya mtumba haizuii kitu cha kutegemea. Na msaidizi anayeshika chuma huku amegeuza uso pembeni anaunguzwa na nuru iliyogonga ukuta.

Kwa nini fundi lazima agusishe kwanza? Kwa sababu hewa baridi inakataa umeme. Usawa wa bahari, hewa kavu inahitaji karibu volti 30,000 ili umeme uruke sentimita moja. Hapa kwetu Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15, hivyo umeme unaruka kwa urahisi kuliko Tanga au Dar es Salaam. Si hadithi, wahandisi wakipanga vifaa vya umeme mkubwa kwa mahali palipopita mita 1,000 huongeza nafasi kati ya nyaya na chuma. Lakini ukishaanza kuruka, hewa ile inapata joto, atomu zake zinaachia elektroni, na kilichokuwa kizuizi kinageuka kuwa njia. Ndipo volti 25 zinatosha kuendeleza kilichohitaji maelfu kuanzisha. Unaweza kuusogeza waya mbali na umeme ukaufuata.

Hapo ndipo penye tofauti na moto wa jikoni. Moto wa gesi ukiondoa mkono, unabaki ulipo. Umeme unaoruka unachagua wenyewe umbali wake, na ukikupata, misuli inakaza, huwezi kuuacha. Umeme wa TANESCO walau hukatika na kurudi mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa unabadili mwelekeo, kwa hiyo swichi ina nafasi ya kuuzima. Umeme wa sola haukatiki namna hiyo. Paneli moja ya volti 12 haina shida, ila wale waliounganisha paneli nyingi kwa mfululizo ili kuendesha pampu ya kisima wana mamia ya volti za mkondo mnyoofu. Ukichomoa plagi yake ikiwa kazini, moto unanyooka na unaendelea kuwaka. Tumia swichi iliyotengenezwa kwa sola, ya taa ya chumbani haifai.

Kinachonitia hofu zaidi ni transfoma ya maikrowevu. Oveni hizi zikifa zinaishia kwa mafundi na kwenye vyuma chakavu, na ndani yake mna transfoma inayotoa volti zipatazo 2,000. Video nyingi za umeme unaopanda zimetengenezwa kwayo, na zile za kuchora mizizi ya moto kwenye ubao. Elfu mbili ni ndogo ukiilinganisha na plagi, na hapo ndipo kijana anapodanganyika. Nyuma ya plagi ipo koili ndogo. Nyuma ya transfoma hii ipo gridi ya taifa, nayo haipimi mtu anaweza kuvumilia kiasi gani. Mwaka 2017 chama cha wachonga mbao cha Marekani kilipiga marufuku uchoraji huo katika shughuli zake zote; watu zaidi ya 30 wamekwisha kufa kwa mchezo huo, na baadhi yao walikuwa watu wazima wenye uzoefu wa umeme. Hakuna glavu ya kumpendekezea mtu. Jaribio hilo halina toleo la nyumbani.

Pako pia mahali ambapo moto wa kawaida na umeme vinakutana. Mwali wa moto wenyewe unapitisha umeme, kwa kuwa ndani yake mna chembe zenye chaji, na hewa yake ya joto ni nyembamba. Mtu akichoma majani au takataka chini ya njia kubwa ya umeme, mwali na moshi vinaweza kuifupisha safari kutoka waya hadi ardhini, na umeme ukaruka. Mkoa wetu una njia nyingi za namna hiyo, pamoja na ile ya volti 400,000 inayotoka Singida kupitia Arusha na Namanga hadi Isinya, Kenya. Chini ya njia kama hiyo lima maharage kama wenyewe wanaruhusu, lakini kiberiti kibaki nyumbani. Na masika, tawi la mgrivilea likiangusha waya, usiukaribie hata kama hautoi cheche. Ukijikuta tayari uko karibu, toka kwa hatua za kuburuza nyayo bila kutanua miguu, maana ardhi yenyewe ina volti zinazotofautiana kati ya mguu na mguu.

Kijana aliyenisikiliza hadi hapa atasema nimemnyang'anya umeme. Sijamnyang'anya, yako mengi ya kuusoma bila kuugusa. Tafuta CD ya zamani. Kila nyumba inazo, za kwaya na za bongo fleva, na redio ya kuzipiga ilishakufa. Mistari yake ni 625 kwa kila milimita, inatawanya nuru kama kile kioo cha Kirchhoff. Weka kipande chake chini ya boksi la kadibodi kikiwa kimeinama, kata mwanya mwembamba kama wembe upande mmoja, na tundu la kuchungulia juu. Elekeza mwanya kwenye taa ya tyubu, ile ya choki na stata: utaona mistari iliyoachana, wa kijani ukiwa mkali, huo ni wa zebaki iliyomo ndani ya tyubu. Elekeza kwenye balbu ya LED: rangi zote zimeungana, hakuna mistari. Jua usilielekee kamwe, elekeza kwenye karatasi nyeupe iliyopigwa na jua. Moto wa kuchomelea usiutazame hata kwa boksi. Kisha mwombe mama anyunyize chumvi kidogo kwenye jiko la gesi, taa zikiwa zimezimwa, na utafute mstari wa njano. Ukiwa na boksi lililotengenezwa kwa uangalifu mkubwa na mwanya mwembamba sana, huenda ukagundua kwamba si mstari mmoja. Ni miwili, 589.0 na 589.6, na kwa nini ni miwili ni mazungumzo ya kipindi kingine.